Karameli bila sukari: kuielewa bia ya kaharabu

Mpe mnywaji wa Kirumba, hapa Mwanza, bia ya kaharabu kwa mara ya kwanza, na neno litakalomtoka mapema ni "tamu". Jirani yake atauliza kama wametia sukari. Wa tatu ataisukuma pembeni bila kuionja, kwa hoja kwamba bia zenye rangi zinapiga kichwa. Bia yenyewe wala si nyeusi. Iinue kwenye mwanga wa taa utaona rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na wekundu kidogo pale glasi inapokuwa nyembamba. Lakini hapo mezani mambo manne yameshafungwa fundo moja: rangi, utamu, harufu ya sukari iliyoungua na wingi wa kilevi. Kila mmoja anaamini kwamba akiliona moja, mengine matatu yamo.

Fundo hilo linafunguka kwa kushika uzi mmoja. Karameli unayoihisi kwenye bia ya namna hii kwa sehemu kubwa ni harufu. Imezaliwa na moto, ndani ya punje ya nafaka, kabla hata bia haijaanza kupikwa. Sukari ya kuifanya iwe tamu kiasi unachodhani haimo.

Mwanza hatuna uhaba wa bia. Kampuni za bia za TBL na Serengeti zote zina viwanda hapa, na kaunta kuanzia Igoma hadi Nyegezi zimejaa lager za njano, yaani bia zinazochachushwa kwenye baridi: Safari, Kilimanjaro, Balimi, Serengeti. Ni bia za kunywewa zikiwa baridi, mtu ametoka juani, na kwa kazi hiyo zinafaa sana. Kaharabu ni mgeni. Inafika begini mwa mtu aliyerudi safari, au inakaa rafu ya juu ya supamaketi ikisubiri mwenye udadisi. Chini ya jina hilo kuna ukoo mzima: lager ya Vienna, Märzen ya Bavaria, ale ya kaharabu ya Marekani, ale nyekundu ya Ireland (ale ni bia inayochachushwa kwenye joto zaidi kuliko lager). Zinatofautiana kwa hamira na kwa uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, ila zote zimesimama juu ya kimea kilichopigwa moto kuliko kile cha bia ya njano.

Punje iliyopikwa ndani ya ganda lake

Kimea hakihitaji utambulisho kwa mtu aliyekulia kanda hii. Ulezi au mtama unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, unaanikwa juani, unasagwa, kisha unaingia kwenye pombe. Shayiri inapita njia hiyohiyo kiwandani. Inalowekwa mpaka karibu asilimia 45 ya uzito wake iwe maji, inaachwa iote kwa siku nne au tano, halafu inakaushwa. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zenye kazi ya kukatakata wanga kuwa sukari. Mche ungeila sukari hiyo ukikua. Mpika bia anaukatisha mche safari yake na kuichukua yeye.

Tofauti yote ya rangi na harufu inaanzia kwenye kukausha. Kimea cha bia ya njano hukaushwa kwa hewa yenye joto la nyuzi 80 hadi 85 hivi, basi. Ukitafuna punje yake ni laini, nyeupe ndani kama unga, na ladha yake ni ya nafaka tu. Pandisha joto mpaka karibu nyuzi 90 unapata kimea cha aina ya Vienna, chenye harufu ya ganda la mkate. Fika 100 na kidogo unapata cha aina ya Munich, ambacho harufu yake ni nzito zaidi, ya mkate uliokaa tanurini mpaka ukawa kahawia. Hapo bado hatujafika kwenye karameli.

Karameli ina ujanja wake. Kimea kinachukuliwa kikiwa bado kibichi, kimejaa maji, na badala ya kukaushwa kinafungiwa kwenye pipa linalozunguka na kupashwa taratibu mpaka nyuzi 65 au 70, bila unyevu kuachiwa utoke. Joto hilo ndilo vimeng'enya vinalolipenda. Wanga unageuka sukari palepale, ndani ya ganda, kila punje ikawa na tone lake la sharubati. Ukiibana punje ya wakati huo kati ya vidole, kinachotoka ni majimaji matamu ya kunata. Kisha moto unapandishwa, nyuzi 120, 150, hata 180 kutegemea rangi inayotakiwa, mvuke unaachiwa, na ile sharubati inaiva na kuganda. Punje ikipoa, ivunje: ndani hakuna unga tena, kuna kitu kigumu cha kung'aa kama kioo cha kahawia. Itafune, inakatika kwa kelele, na mdomo mzima unanukia sukari guru.

Kemia inayofanya kazi humo ni ya aina mbili, na watu huzichanganya hata wakiwa na vyeti. Moja ni sukari kuungua yenyewe, ile ya sufuriani. Ya pili ni sukari kukutana na chembe za protini ziitwazo asidi amino kwenye joto, jambo lililoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Ndiyo inayoipa rangi nyama choma, kahawa, na karanga za kukaanga. Kwenye kimea cha karameli zote mbili zinahusika, na mchango wa ile ya Maillard ni mkubwa kuliko jina "karameli" linavyodokeza.

Ziwa hili lina mfano wake wa zamani. Wapishi wa busaa upande wa Kisumu na Kakamega huchachua donge la unga wa mahindi, wakalikaanga kwenye bati juu ya moto wa kuni mpaka liwe kahawia na kukatikakatika, ndipo wakalichanganya na maji na kimea cha ulezi. Ule mnuso wa kuungua kwa mbali unaopanda kutoka kwenye chombo cha busaa ni kazi ileile ya Maillard, isipokuwa kwao moto unapita kwenye unga, na kwa kaharabu unapita kwenye kimea. Pombe zetu nyingi ambazo kimea chake kimekaushwa kwa jua tu hazina harufu hiyo. Jua la Usukuma ni kali, lakini halifiki nyuzi 100.

Vimea vya karameli huuzwa kwa namba za rangi. Kipimo kinachotumika sana Marekani kina jina la Joseph Williams Lovibond, Mwingereza wa karne ya 19 kutoka familia ya wapika bia, ambaye alipanga vioo vya rangi ili alinganishe bia kwa jicho. Namba 20 inatoa harufu ya asali. Namba 60 ni karameli yenyewe, ile watu wanayoisema. Kuanzia 80 kwenda juu karameli inaanza kuungua, na kwenye 120 unakutana na zabibu kavu na uchungu wa sukari iliyozidishwa moto. Mpishi hatumii nyingi: mara nyingi sehemu 5 hadi 15 katika kila 100 za kimea chote. Akizidisha, bia inakuwa nzito ya kukinaisha, nusu glasi inatosha na iliyobaki unaitazama. Binafsi nadhani kaharabu nyingi zinaharibikia hapa. Mpishi ameambiwa wateja wanapenda karameli, akawamiminia.

Bia hizi zingeweza kutozaliwa kabisa bila tabia mbaya kidogo. Mwaka 1833 vijana wawili, Anton Dreher wa karibu na Vienna na Gabriel Sedlmayr wa Munich, walizunguka viwanda vya Uingereza kujifunza. Inasimuliwa kwamba walitembea na fimbo zilizotobolewa ndani, wakichovya mahali wenyeji walipogeuza shingo ili waondoke na sampuli za kwenda kupima hotelini. Waingereza walikuwa mbele katika kukausha kimea kwa hewa ya moto isiyo na moshi. Dreher alirudi na maarifa hayo, akayaunganisha na uchachushaji wa baridi wa kwao, na mwaka 1841 akatoa lager yake ya kaharabu kule Schwechat. Haikutamba peke yake kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata Josef Groll alipika lager ya njano mjini Plzeň, na hiyo ndiyo iliyokuja kushika dunia, sisi tukiwemo.

Ulimi na pua

Sasa turudi kwa aliyesema "tamu". Hakusema uongo, ila kiungo kilichomwambia hivyo si ulimi. Ulimi unajua mambo machache: utamu, chumvi, ukakasi wa ndimu, uchungu, na ile ladha ya nyama iliyo kwenye supu. Karameli haimo kwenye orodha hiyo. Karameli inapita nyuma ya koo kwenda puani unapomeza, na ubongo, uliozoea tangu utotoni kwamba harufu hiyo huandamana na sukari, unaandika "tamu" bila kuuliza.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Bana pua kwa vidole viwili, piga funda la bia ya kaharabu, lizungushe mdomoni. Utapata uchungu kiasi, gesi, uzito fulani kwenye ulimi, na utamu mdogo sana. Achia pua bila kumeza. Karameli inaingia kwa ghafla, pamoja na mkate na pengine karanga, kana kwamba mtu amefungua mlango wa jikoni. Fanya hivyo mbele ya mtu anayedai wametia sukari na mtaelewana bila kugombana.

Harufu hiyo ina viungo vyenye majina. Maltoli inanukia sukari iliyoyeyuka. Furaneoli nayo ipo pia kwenye nanasi, ndiyo maana nanasi lililoiva sana, yale yanayovushwa ziwa kutoka upande wa Geita, lina harufu inayokaribia karameli ukilinusa karibu na kitako. Nimeshasikia mtu akisema bia ya kaharabu ina "ka-nanasi" akachekwa. Hakustahili kuchekwa.

Na sukari yenyewe iko wapi? Nyingi imeliwa na hamira na kugeuka kilevi na gesi. Inayobaki ni mabaki ya wanga yaliyo makubwa mno kwa hamira kuyala, yaitwayo dekstrini, na hayo hayana utamu wa maana. Yanaupa mdomo uzito, bia inahisi imejaa. Hata maltosi, sukari kuu ya kimea, haifikii nusu ya utamu wa sukari ya dukani. Kimea cha karameli kinaacha mabaki mengi zaidi, kwa sababu moto umezifunga sukari zake kwa namna ambayo hamira haiwezi kuzifungua zote. Mpishi naye ana kitasa chake: akichanganya kimea na maji ya nyuzi 62 hivi anapata bia kavu, akipanda hadi 68 anapata bia nene. Kisha anaweka hopsi kusawazisha. Lager ya Vienna huwa na uchungu wa kati, vipimo 18 hadi 30 kwa kipimo cha kimataifa, na ale ya kaharabu ya Marekani 25 hadi 40. Bila uchungu huo, harufu ya karameli ingechosha kabla chupa haijaisha.

Ndiyo maana kuonja kwa kunusa si mbwembwe. Mimina kwa kuinamisha glasi, mwishoni isimamishe povu lipande vidole viwili. Povu la kaharabu si jeupe, ni la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na likishuka linaacha duara kwenye glasi. Nusa kabla hujanywa. Chupa iliyotoka friji muda huohuo haina mengi ya kusema: harufu ya mkate mkavu, hopsi kwa mbali, basi. Ladha yake ni uchungu na baridi. Iache mezani kama robo saa, nusa tena, na sasa karameli imesimama mbele, nyuma yake kuna ganda la mkate, na ukimeza kinabaki kitu cha karanga kinachokauka taratibu. Ni bia ileile. Baridi inazuia chembe za harufu zisiruke, inauzima utamu kidogo uliopo, na inauacha uchungu utawale.

Hapa linaingia swali la kila mhudumu: ya moto au ya baridi? Ugomvi wa wazee wanaotaka ya moto na vijana wanaotaka ya barafu kwa lager ya njano ni suala la mazoea, na mimi nanywa ya baridi. Kwa kaharabu, wazee wanakaribia ukweli kuliko vijana, ingawa wanaupita. Nyuzi 8 hadi 12 ndipo inapofunguka. Bia iliyokaa kwenye kreti kando ya kaunta mchana wa Mwanza imepita 25, gesi inakimbia na povu linamwagika, na karameli inageuka kuwa uzito wa kunata.

Karameli za uongo

Si kila karameli imetoka kwenye kimea. Kuna harufu ya siagi iliyopikwa na sukari, kama pipi laini ya maziwa, ambayo wengi huisifia wakidhani ni ufundi. Mara nyingi hiyo ni diasetili, inayotolewa na hamira katikati ya kazi. Hamira ikipewa muda inaila yenyewe kabla bia haijafungwa. Ikiharakishwa inabaki, na ulimi unahisi utelezi wa mafuta. Kiasi kidogo katika ale za Kiingereza kinavumiliwa. Katika lager ya Vienna ni kasoro.

Ya pili inaletwa na muda na joto. Bia iliyosafirishwa kwenye lori chini ya turubai na kukaa stoo isiyo na hewa inaungana na oksijeni iliyobaki chupani. Kwenye bia ya njano kosa hilo linaonekana upesi, inanuka boksi lililolowa. Kwenye kaharabu linajificha, kwa sababu bia iliyochoka huanza kutoa asali na zabibu kavu, harufu ambazo mtu anazitarajia. Dalili ni kwamba mkate umekufa: unasikia utamu mbele na boksi nyuma, katikati pamekuwa patupu. Angalia tarehe kwenye chupa kabla ya kulipa. Kuhusu jua, chupa ya kahawia inalinda vizuri. Ya kijani au isiyo na rangi ikianikwa dirishani, mwanga unazigeuza chembe za hopsi kuwa harufu ambayo aliyewahi kukutana na kicheche usiku ataitambua.

Ya tatu ni rangi ya karameli, inayoandikwa E150 kwenye vibandiko. Inayotumika zaidi kwenye bia ni E150c. Ni sukari iliyopashwa moto kiwandani ili itie rangi, na kwa viwango vinavyotumika inachangia ladha kidogo mno. Ni halali, na wanaoitumia si matapeli. Ila glasi yenye rangi nzuri ya kaharabu na pua isiyopata chochote kwenye nyuzi 10 pengine imepakwa rangi tu.

Hilo linatufikisha kwa yule wa tatu aliyeisukuma glasi. Rangi haihesabu kilevi. Guinness ya pipa ya Dublin ni nyeusi tii na ina asilimia 4.2. Duvel ya Ubelgiji ni ya njano ya dhahabu na ina 8.5. Kaharabu nyingi ziko kati ya 4.5 na 6, palepale zilipo Kilimanjaro yenye 4.5 na Safari yenye 5.5. Kilevi kinatokana na wingi wa sukari iliyoliwa na hamira, na gramu chache za kimea kilichoungua zinatosha kubadilisha rangi ya pipa zima bila kuongeza kitu kwenye hesabu hiyo. Kinachopiga kichwa ni idadi ya chupa, na hapo tunajuana.

Mpishi wa kwetu akitaka kuitengeneza, maji si kikwazo. Maji ya ziwa yana madini machache, hivyo anaanza karibu na ukurasa mtupu: akitaka kimea kisikike cha mviringo anaongeza kloridi, akitaka uchungu ukate anaongeza salfeti. Kilichobaki ni mwinuko. Ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, hopsi zinatoa uchungu pungufu kidogo, na tiba yake ni kuongeza kidogo hopsi au muda. Karameli haiguswi, ilishamalizwa tanurini.

Kwa chakula, kaharabu haina mpinzani kando ya sato wa kuchoma. Zile sehemu za ngozi zilizoshika kahawia na kukakamaa zimepitia moto uleule wa Maillard, kwa hiyo harufu ya samaki na ya bia zinapokezana badala ya kupigana, na gesi inayasafisha mafuta mdomoni. Sangara wa kukaanga naye anakubali. Dagaa wa kukaanga wanaleta uchungu wao juu ya uchungu wa hopsi. Wape lager ya baridi. Pilipili kichaa nayo uipunguze, kwa sababu inaukuza uchungu na kuifunika karameli yote. Weka ndimu kwenye samaki, usiiweke kwenye glasi, na toa chupa kwenye friji wakati sato anageuzwa upande wa pili.